Maji safi ao etuve mbovu? Namna joto linavyoweza kudanganya labo

Chukua mililita 100 za maji ya kisima, uyapitishe kwenye chujio la labo, uweke chujio lile ndani ya kisahani chenye chakula cha mikrobe, halafu ukifungie ndani ya etuve usiku kucha. Asubuhi unafungua: hakuna doa hata moja. Watu wa kata wanaambiwa kisima ni kizuri, akina mama wanapanga bidoni zao, watoto wanakunywa.

Lakini kisahani kisicho na doa kinaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza, maji hayakuwa na mikrobe. Ya pili, mikrobe zilikuwamo, ila etuve ilizipika usiku, ao iliziacha kwenye baridi mpaka zikakosa kuota. Kwa macho, visahani hivyo viwili vinafanana kabisa.

Hapa Uvira hilo si jambo la wataalamu peke yao. Kolera inarudi kila mwaka kwenye pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, toka Kavimvira mpaka Kalundu, na kushuka upande wa Fizi na Baraka. Maji ya bomba yanategemea umeme, juu ya pampu. Umeme ukikatika, bomba linakauka na watu wanarudi ziwani ao mtoni. Watafiti waliochunguza Uvira kati ya 2009 na 2014 walikuta kwamba siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, ndani ya siku 12, na idadi ya wagonjwa wa kolera ya kudhaniwa iliyo zaidi ya maradufu. Kazi yao ilichapishwa 2015. Umeme huohuo unaosimamisha pampu ndio unaosimamisha etuve. Kwa hiyo siku ambazo mji unahitaji zaidi majibu ya labo ndizo siku ambazo majibu yanaweza kuharibika.

Etuve ni kitu gani? Ni sanduku la chuma lenye mlango, kuta zilizojazwa kitu cha kuzuia joto lisitoke, na ndani yake waya wa kupasha joto ambao mafundi wanaita rezistansi. Kuko sonde, yaani kidole cha mashine kinachosikia joto, na kuko termostati inayoamua: joto likishuka, washa rezistansi, likifika, zima. Etuve nyingine ziko na feni ndogo ya kuzungusha hewa. Ni ndugu ya kuveze ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na ya sanduku la balbu ambalo wafugaji wanaangulia mayai ya kuku. Mfugaji anajua vizuri: balbu ikizimika usiku mmoja, mayai yamekwisha. Tofauti ni kwamba yai lililoharibika linanuka. Kipimo kilichoharibika hakinuki, kinaandikwa kwenye rejista na kupigwa muhuri.

Joto lenyewe linatofautiana kufuatana na kinachotafutwa. Mikrobe ya kolera inapenda digri 37, sawa na mwili wa mtu. Kinyesi cha mgonjwa kinapandwa kwenye chakula cha rangi ya kijani, na baada ya saa 18 mpaka 24 mikrobe ya kolera inaonekana kama vidoto vya manjano. Kwa maji ya kunywa ni mambo mengine. Labo inatafuta alama ya kinyesi ndani ya maji, yaani aina za mikrobe zinazovumilia joto la digri 44. Kwa nini 44? Kwa sababu kuko mikrobe nyingi za udongo na majani zinazofanana na zile za tumboni, lakini zenyewe haziwezi kuvumilia joto hilo. Zile 44 ni kama kizuizi cha barabarani: wenye kutoka tumboni wanapita, wengine wanabaki.

Na kizuizi hicho ni chembamba. Mashine inapashwa kubaki kwenye 44 kwa tofauti ya nusu digri tu, juu ao chini. Ikiteremka mpaka 41 ao 42, mikrobe za udongo nazo zinaota, kisima kizuri kinahukumiwa kuwa kibaya, na watu wanaogopa maji ambayo hayana kosa. Ikipanda mpaka 47 ao 48, hata zile za tumboni zinashindwa, kisima kibaya kinasifiwa. Kosa la pili ndilo baya zaidi kwa sababu hakuna anayelalamika. Mtu akiambiwa maji yake ni machafu atauliza, atataka kipimo kirudiwe. Akiambiwa ni safi atashukuru na kwenda zake.

Kwa kolera tuseme wazi jambo moja, ili mtu asielewe vibaya: matibabu hayangoji etuve. Mwenye kuharisha maji kama ya mchele anapewa maji ya chumvi na sukari, ao serumu ya mshipani, saa ileile, kabla ya jibu lolote la labo. Jibu linasaidia mahali pengine. Duniani kote, kati ya wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera, karibu nusu tu ndio wanaokuwa nayo kweli vipimo vikifanyika. Labo ndiyo inayosema kama mlipuko umeanza kweli, dawa gani za antibiotiki bado zinafanya kazi, na chanjo ipelekwe wapi. Kipimo cha haraka cha kijiti kipo na kinasaidia sana, lakini kwa kuhakikisha bado mikrobe inapandwa.

Sasa, mashine inaharibikaje?

Cha kwanza ambacho watu wanaamini kupita kiasi ni namba nyekundu zinazowaka juu ya mlango. Zikisema 37.0, kila mtu analala. Namba zile hazisemi joto la visahani. Zinasema joto ambalo sonde inasikia mahali ilipo. Kama sonde imesukumwa na mtu aliyekuwa anasafisha mpaka ikagusa ukuta ulio karibu na rezistansi, itasikia moto upesi, itazima kupasha, na visahani vya katikati vitabaki na digri 33 wakati namba zinasema 37. Kama sonde imevutwa karibu na mlango ambao mpira wake umechakaa, itasikia hewa baridi kila mara, itaagiza moto zaidi, na ndani kutapikwa. Mashine haijafa, inatii vizuri kabisa, ila inatii habari ya uongo.

Dawa yake ni ya bei ndogo: termometa ya pili, isiyotegemea mashine. Chupa ndogo inajazwa maji, ao gliserini kama ipo, termometa inatumbukizwa ndani, na chupa inawekwa katikati ya rafu ya kati. Kwa nini ndani ya maji? Kwa sababu mlango ukifunguliwa hewa inabadilika mara moja na termometa ya hewani inarukaruka, lakini maji yanabadilika polepole, sawa na chakula kilicho ndani ya visahani. Chupa inaachwa saa kadhaa, vizuri zaidi usiku mzima, ndipo inasomwa. Baadaye inahamishiwa rafu ya juu, halafu ya chini. Rafu ya juu ikizidi ya chini kwa digri mbili ao tatu, hewa haizunguki: feni imekufa, ao visahani vimejazwa mpaka vinagusana na kuta. Hilo la kujaza ni la kawaida sana wakati wa mlipuko. Watu wanapanga minara ya visahani kama sahani za arusi, na vya katikati vinachelewa kupata joto.

Lakini termometa nayo nani anaithibitisha? Kuna njia ya barafu. Barafu safi inapondwa, inachanganywa na maji safi kidogo, termometa inakaa ndani dakika kadhaa, na inapashwa kusoma sifuri. Wengine wanajaribu pia kwa maji yanayochemka wakitegemea 100. Hapa hiyo itawapoteza. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji yanachemka karibu na digri 97. Mtu asiyejua hilo anaweza kutupa termometa nzuri. Na kwa 37 kuko ujanja wa maskini: termometa ya homa ya kawaida, ile ya hospitali, ndani ya kikombe cha maji kilicholala etuve. Inapima vizuri sana karibu na 37 juu ya hilo ndilo iliyotengenezwa kufanya. Haifai kwa 44, kwa kuwa kipimo chake kinaishia 42 ao karibu hapo. Na si badala ya termometa iliyohakikishwa na wakubwa wa kazi. Ni ya kujua tu kama kuna kitu hakiendi sawa.

Tuje kwenye umeme, ambao Uvira ndio mwanzo wa shida nyingi. Kukatika kabisa kila mtu anakuona. Kunakodanganya ni umeme dhaifu. Taa zinawaka nyekundu-nyekundu, simu zinachaji, namba za etuve zinaonekana, na mtu anafikiri kazi inaendelea. Nguvu ya rezistansi haipungui sawa na umeme unavyopungua, inapungua zaidi. Umeme ukiteremka toka volti 220 mpaka 165, yaani umepoteza robo, joto ambalo rezistansi inatoa linabaki zaidi kidogo ya nusu tu. Rezistansi inawaka bila kupumzika, taa yake ndogo haizimiki, lakini joto halipandi. Fundi asiyepima umeme kwanza atasema rezistansi imekufa, atainunua mpya, ataifunga, na shida itabaki palepale. Kwa hiyo testa ya volti inaingia kwenye plagi kabla bisibisi haijagusa sanduku.

Umeme ukirudi kwa ghafula ni hatari ya upande wa pili. Pigo lile la kurudi linaunguza kadi ya elektroniki, ao linaunganisha milele midomo ya rele, kile kiswichi kinachowasha na kuzima rezistansi. Midomo ikishikamana, termostati inaweza kuamuru zima mpaka ichoke, moto unaendelea. Dalili yake ni hii: joto linapita ile namba iliyowekwa na linazidi kupanda bila kurudi. Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Shusha namba kwa digri kumi, subiri. Kama joto linazidi kupanda, rele imeshikamana. Chomoa plagi palepale, usizime kwa kibonyezo tu, na usiache sanduku hilo likiwa na umeme usiku. Kinachofuata si kipimo kibaya tu, ni moto ndani ya nyumba. Stabilizateri nzuri ina bei, lakini kadi ya etuve ina bei kubwa zaidi, na mara nyingi inangojwa toka mbali.

Wanaotumia jua na betri wako na shida ndogo yao wenyewe. Konvertiseri za bei ndogo zinatoa umeme wenye umbo la ngazi, si laini kama ule wa mtandao. Rezistansi haijali. Kadi ya elektroniki inaweza kujali: namba zinacheza, saa ya ndani inakimbia, mashine inajizima bila sababu. Kabla ya kulaumu etuve, ijaribu kwenye umeme mwingine.

Kisha kuko jambo ambalo vitabu vya mashine, vilivyoandikwa kwa nchi za baridi, vinalisema kwa mstari mmoja mdogo: etuve ya kawaida inajua kupasha, haijui kupoza. Ili iweze kushika joto vizuri, chumba kinapashwa kuwa chini ya joto lake kwa digri tano hivi. Huko kwao chumba kiko na 20, hakuna shida. Chumba chenye mabati bila plafo, mchana wa Septemba, madirisha yamefungwa juu ya vumbi, otoklavu inafanya kazi kwenye kona na frigo inapumua moto wake kwa nyuma, kinaweza kufika 35. Etuve ya 37 haina tena nafasi ya kushuka. Rezistansi imezima lakini sanduku linaendelea kupanda, 38, 39, juu ya joto la chumba, feni yake yenyewe na jua la ukutani. Hapo hakuna kipande kilichoharibika. Fundi atafungua atafunga hatakuta kitu.

Dalili ya kuitambua ni saa. Mashine yenye rele mbovu inakosea usiku na mchana. Mashine inayoteswa na chumba inakosea kati ya saa saba na saa kumi ya mchana, na usiku inakuwa sawa. Ndiyo maana rejista ya joto inaandikwa asubuhi na mchana, si asubuhi tu. Aliyeandika asubuhi tu atakuwa na karatasi nzuri sana yenye 37 kila mstari. Dawa: kusogeza etuve mbali na frigo, otoklavu na ukuta unaopigwa na jua la jioni, kuacha nafasi ya mkono mmoja nyuma yake, kufungua hewa, kuweka plafo kama pesa ipo.

Kwa njia, joto hili la kwetu lilishasumbua hata mabwana wakubwa wa mikrobe. Robert Koch, Mjerumani aliyeotesha mikrobe ya kolera mwaka 1884, alianza kazi zake kwa kutumia jelatini, ambayo inayeyuka kabla ya kufika digri 37. Mke wa mmoja wa wasaidizi wake, Fanny Hesse, ndiye aliyependekeza agari, unga wa mwani wa baharini uliotumiwa jikoni. Bila ushauri huo wa jikoni, visahani vya Uvira vingekuwa mchuzi hata bila etuve.

Mpira wa mlango unastahili maneno machache tu. Kata kipande cha karatasi, kifungie mlangoni, kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Fanya hivyo pande zote nne. Na mlango wenyewe usifunguliwe kila dakika kuona kama kitu kimeota. Ni kama sufuria ya ugali, ukifunua ovyo hauivi.

Umeme ukikatika usiku wakati visahani viko ndani, tendo la kwanza ni kutofungua. Sanduku lililofungwa vizuri linashuka polepole. Andika saa umeme ulipoondoka, andika saa uliporudi, na joto la termometa ya chupa wakati huo. Kama kukatika kulikuwa kwa dakika chache na joto halikutoka kwenye mipaka, kazi inaendelea. Kama ilikuwa saa nyingi, labo ya kweli haisemi hakuna mikrobe. Inasema kipimo hakikufaulu, tuletee maji mengine. Ni jibu gumu kulitoa mbele ya chefu wa kata aliyengoja siku mbili, lakini ndilo jibu.

Na kuko mtego wa mwisho unaokamata makosa ambayo termometa haikuyaona. Kila mara maji yanapopimwa, visahani viwili vya ziada vinaingia etuve pamoja na vingine. Kimoja kimepitishiwa maji yaliyouliwa mikrobe, kinapashwa kubaki kitupu. Kingine kimepitishiwa maji yanayojulikana kuwa machafu, kwa mfano ya mtaro ao ya mtoni baada ya mvua, kinapashwa kujaa madoa. Kisahani cha maji ya mtaro kikiamka kitupu, basi hakuna jibu hata moja la siku hiyo linaloaminika, hata kama namba za mlangoni zilisema 44.0 usiku wote. Mashine za kubeba mkononi, zile zinazotumia betri na kuchaguliwa kati ya 37 na 44, nazo zinahitaji mtego huohuo, zaidi tena wakati betri yake imezeeka na inakufa saa tisa ya usiku bila kuaga.

Kwa kinyesi cha mgonjwa wa kolera kinachotumwa mbali, kwa mfano Goma ao Kinshasa, kosa la joto linakuja kwa njia nyingine: watu wenye nia njema wanakiweka ndani ya frigo. Mikrobe ya kolera haipendi baridi hiyo. Kijiti kilichowekwa kwenye tyubu ya kusafirishia, ile yenye chakula laini kinachoitwa Cary-Blair, kinasafiri kwenye joto la kawaida, mbali na jua, bila barafu.

Mkaaji wa kata ambaye kisima chake kimepimwa hawezi kufungua etuve ya mtu, na hapashwi. Lakini anaweza kuuliza maswali matatu akipewa karatasi: siku ile umeme ulikatika? Kisahani cha maji machafu kiliota? Rejista ya joto ya siku ile inasema nini mchana? Laboranti anayejua kazi yake hatakasirika, atafungua rejista na kuonyesha kwa kidole. Mpaka majibu hayo yapatikane, maji ya ziwa, ya mto na ya kisima yanatiwa klori ao yanachemshwa. Zile digri 97 za Uvira zinatosha kabisa kuua mikrobe ya kolera.